Je, Bibi Bwana aliyepita Taveta alikuwa kilembwe wa Newton?

MSAFIRI anayeondoka Voi asubuhi kwa gari hufika Taveta muda mrefu kabla ya jua la utosi. Mwaka wa 1891 safari hiyo haikuwa rahisi hivyo. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulikuwa haujaanza, na mji wa Voi kama tuujuavyo leo haukuwapo. Palikuwa na njia ya misafara tu, iliyokatiza nyika kavu ya Taru, ikapita chini ya milima ya Wataita na kuishia katika msitu wenye kivuli wa Taveta, kando ya mto Lumi.

Katika njia hiyo, mwaka huo, ulipita msafara uliowashangaza wengi. Kiongozi wake alikuwa mwanamke kutoka Marekani, May French Sheldon, akifuatwa na wapagazi zaidi ya mia moja, wengi wao kutoka Unguja. Hakuwa na mume wala Mzungu mwingine wa kumwongoza. Mara alitembea kwa miguu, mara alibebwa ndani ya machela ya ufito iliyotengenezwa maalumu kwa ajili yake. Wapagazi walimwita Bibi Bwana.

Alikaa Taveta, akalizunguka Ziwa Chala kwa chombo kidogo, kisha akapanda hadi kwa watawala wa Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mwaka wa 1892 alichapisha kitabu chake, Sultan to Sultan, na mwaka huohuo akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupokewa na Shirika la Kijiografia la Kifalme mjini London.

Mengi yameandikwa kuhusu safari hiyo. Yaliyo machache ni maelezo ya jambo moja ambalo wasifu wake ulilitangaza kwa fahari: kwamba alikuwa wa damu ya Sir Isaac Newton, mwanasayansi mashuhuri wa Uingereza aliyeeleza kanuni ya mvutano wa vitu. Kitabu cha wasifu wa wanawake wa Marekani kiitwacho A Woman of the Century, kilichohaririwa na Frances Willard na Mary Livermore na kuchapishwa mwaka wa 1893, kinamtaja kuwa kilembwe wa Newton, yaani mtoto wa kitukuu chake.

Je, dai hilo ni kweli? Swali hili laweza kuonekana kuwa mbali na maisha ya mkazi wa Mwatate au Wundanyi. Hata hivyo, njia ya kulijibu ndiyo njia ambayo familia yoyote, ikiwemo ya Taita Taveta, yapaswa kuifuata inapotaka kujua asili yake. Na katika kaunti hii, kama tutakavyoona, kujua asili si suala la fahari pekee.

Kuanza na kinachojulikana

Kanuni ya kwanza ya kufuatilia nasaba ni kwenda kinyumenyume. Mtafiti huanza na mtu anayejulikana kwa hakika, akampanda mzazi wake, kisha mzazi wa mzazi, hatua baada ya hatua. Kila hatua hudai ushahidi wake. Anayeanza na babu mashuhuri na kuteremka akitafuta njia ya kumfikia hujidanganya mapema, kwa kuwa tayari amekwisha kuamua anataka kufika wapi.

Katika habari za Bibi Bwana, yafuatayo yanajulikana. Alizaliwa kwa jina la Mary French huko Bridgewater, Kaunti ya Beaver, katika jimbo la Pennsylvania. Hata mwaka wenyewe haukuandikwa sawasawa kila mahali: vitabu vingi husema 1847, vingine huusogeza kwa mwaka mmoja mbele au nyuma. Baba yake alikuwa Joseph French, aliyeitwa Kanali. Mama yake, Elizabeth Poorman French, alijulikana kwa tiba ya kutumia umeme na kwa imani ya kuzungumza na mizimu ya wafu. Mary aliolewa na Eli Lemon Sheldon, mfanyabiashara Mmarekani aliyeishi London na aliyefariki mwaka wa 1892. Baadaye jina la Mary likawa May, na jina la baba na la mume yakaunganishwa kuwa French Sheldon.

Msomaji aone jinsi majina yanavyobadilika. Mtafiti anayemtafuta May French Sheldon katika daftari za mwaka wa 1850 hatampata, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na mtu wa jina hilo. Hili ndilo tatizo kubwa la kufuatilia nasaba ya mwanamke wa Marekani wa karne ya kumi na tisa: akiolewa, jina lake la ukoo huzama ndani ya jina la mume, na akiolewa mara ya pili huzama tena. Asiyejua jina la usichana hana pa kuanzia.

Karatasi za Marekani

Wengi hudhani kwamba katika nchi kama Marekani kila kitu kiliandikwa tangu zamani. Sivyo. Jimbo la Pennsylvania lilianza usajili wa kudumu wa vizazi na vifo kwa jimbo zima mwaka wa 1906, wakati Bibi Bwana alikuwa karibu na umri wa miaka sitini. Hivyo hakuna cheti cha serikali ya jimbo cha kuzaliwa kwake. Mtafiti hulazimika kutegemea vitabu vya ubatizo, wosia, hati za ardhi, mawe ya makaburi, magazeti na sensa.

Sensa nazo zina mipaka yake. Kabla ya 1850, aliyeandikwa jina ni mkuu wa kaya peke yake. Mke na watoto walihesabiwa kwa idadi tu. Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru katika kaya. Hata hiyo haikusema nani ni mtoto wa nani. Uhusiano na mkuu wa kaya ulianza kuandikwa mwaka wa 1880. Sensa ya 1890 nayo iliangamia kwa kiasi kikubwa kutokana na moto uliotokea Washington mwaka wa 1921.

Watu weusi waliokuwa utumwani walitendewa vibaya zaidi hata katika karatasi. Mwaka wa 1850 na 1860 walihesabiwa kwa umri na jinsia chini ya jina la bwana wao, bila majina yao wenyewe. Kwa wengi wao, jina kamili linaonekana katika sensa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1870, baada ya utumwa kukomeshwa. Wajukuu wao wanaotafuta asili zao leo huuita mwaka huo ukuta, kwa sababu nyuma yake njia hufifia.

Hesabu ya vizazi

Kabla ya kufunua daftari lolote, dai la Bibi Bwana linaweza kupimwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Newton alizaliwa Desemba 25, 1642, kwa kalenda iliyotumika Uingereza wakati huo. Bibi Bwana alizaliwa kama mwaka wa 1847. Baina yao pana miaka 205.

Kutoka kwa mtu hadi kwa kilembwe chake ni hatua nne: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe. Ukigawa miaka 205 kwa nne unapata zaidi ya miaka hamsini kwa kila hatua. Maana yake ni kwamba kila mzazi katika mlolongo huo angelazimika kupata mtoto husika akiwa na umri wa miaka hamsini na ushei, mmoja baada ya mwingine, mara nne mfululizo. Kwa mwanamume mmoja jambo hilo huwezekana. Kwa vizazi vinne mfululizo ni muujiza, na iwapo katika mlolongo huo yumo mwanamke, haliwezekani kabisa.

Kwa kawaida kizazi kimoja huchukua miaka ishirini na mitano hadi thelathini. Katika miaka 205 tungetarajia hatua saba au nane. Nasaba inayotaja hatua nne imewaruka watu watatu au wanne, au imeunganishwa kwa mtu asiyehusika.

Nyumba ya Newton

Pigo kubwa zaidi linatoka Uingereza. Newton hakuoa, na hajulikani kuwa na mtoto yeyote. Alifariki Machi 1727 akiwa na umri wa miaka 84, bila kuacha wosia.

Jinsi mali yake ilivyogawanywa ni ushahidi ulio wazi. Mali iliyohamishika iligawanywa kwa watu wanane: watoto wa ndugu zake wa kwa mama. Baba yake Newton alifariki kabla ya yeye kuzaliwa. Mama yake, Hannah Ayscough, aliolewa tena na Barnabas Smith na kuzaa naye watoto watatu, Mary, Benjamin na Hannah. Ardhi ya Newton ilimwendea jamaa wa upande wa baba aliyeitwa John Newton. Kama angalikuwapo mwana au mjukuu wa halali, wote hawa wasingegusa chochote.

Basi hapawezi kuwapo kilembwe wa mtu asiyekuwa na mtoto. Huenda familia ya French ilikuwa na uhusiano wa mbali na mmoja wa jamaa wa Newton, kwani wazao wa ndugu zake wapo. Huenda pia mababu walikuwa na jina Newton tu, jina lililotapakaa kote Uingereza. Katika masimulizi ya nyumbani, maneno “wa ukoo wa Newton” hugeuka kwa urahisi kuwa “mzao wa Newton”. Mtu mmoja akisha kuyaandika, wa pili huyanakili, na wa tatu huyachukua kuwa yamethibitishwa kwa kuwa ameyaona mahali pawili.

Hapo ndipo penye mtego. Vitabu kumi vilivyonakiliana ni shahidi mmoja.

Kwa nini babu mashuhuri?

Tusimhukumu Bibi Bwana kana kwamba alikuwa peke yake. Wamarekani wa wakati wake walikuwa na hamu kubwa ya kutafuta mababu wenye sifa. Mwaka wa 1890, mmoja kabla ya safari yake, kiliundwa chama cha Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, ambacho mwanamke hukubaliwa kwa kuthibitisha kuwa babu yake aliunga mkono vita vya uhuru wa nchi hiyo. Nasaba ilikuwa hati ya kuingilia katika jamii ya watu wa heshima.

Kwa mwanamke aliyetaka kuheshimiwa kama mpelelezi wa nchi za mbali, katika enzi ambapo kazi hiyo ilidhaniwa kuwa ya wanaume, babu mwanasayansi alikuwa silaha. Wakuu wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki mjini Mombasa hawakuipenda safari yake, naye alilazimika kwenda Unguja kutafuta wapagazi na msaada wa Sultani Ali bin Said.

Bibi huyo aliijua thamani ya jina. Alibeba maelfu ya pete zilizochorwa jina lake na kuzigawa njiani. Alipokutana na watawala alivaa gauni la fahari na nywele za bandia. Kitabu chake kikaitwa safari ya “sultani kwa sultani”, ilhali Taveta haikuwa na sultani. Iliongozwa na baraza la wazee liitwalo njama. Baadaye, katika miaka ya 1903 na 1904, alikwenda Kongo ya Mfalme Leopold na kurudi akiutetea utawala ule, wakati ripoti ya Roger Casement ilikuwa imeyaanika maovu yake. Shahidi wa namna hii hapuuzwi, lakini neno lake hupimwa.

Mwanahistoria T. J. Boisseau aliandika kitabu kizima juu ya maisha yake mwaka wa 2004, na karatasi zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Bibi Bwana alifariki London mwaka wa 1936. Yeyote anayetaka kumfuatilia ana pa kuanzia.

Waliombeba

Je, waliobeba machela yake wana pa kuanzia?

Kitabu chake kinamtaja mnyapara wa msafara, Hamidi. Hatupewi jina la baba yake wala la mama yake, wala kijiji alikozaliwa. Wapagazi wengi wa Unguja wa wakati huo walikuwa watumwa au watu waliowahi kuwa watumwa, walioitwa majina waliyopewa ukubwani, mbali na kwao. Kwa wazao wao, pwani ya Afrika Mashariki ina ukuta wake, kama ule wa 1870 kwa Wamarekani weusi.

Lakini njia hiyohiyo ilipita katika nchi ya watu waliojua mababu zao vizuri. Mwaka wa 1847, mwaka ambao Mary French alizaliwa Pennsylvania, mmisionari Johannes Rebmann alifika Kasigau na kukuta jamii zilizokwisha kukita mizizi. Wataita walihesabu watu wao kwa kichuku, yaani ukoo wa wazao wa babu mmoja, na walikuwa na daftari lisilo la karatasi: mapango ya mafuvu. Mzee alipofariki na kuzikwa, baada ya muda kaburi lilifukuliwa na fuvu lake kuwekwa pangoni pamoja na ya wakubwa waliomtangulia. Kila ukoo ulijua pango lake. Kijana aliyepelekwa pale aliwaona mababu zake kwa macho.

Daftari hilo lilivurugwa. Misheni ziliingia, ya Sagalla mwaka wa 1883 na ya Bura mwaka wa 1892, na kuleta vitabu vya ubatizo vyenye majina mapya. Mapango mengi yakaachwa. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka wa 1915 Waingereza waliwahamisha watu wa Kasigau hadi Malindi, wakiwatuhumu kuwasaidia Wajerumani, na wengi hawakurejea mlimani hadi miaka ya 1930. Watoto waliozaliwa uhamishoni walikulia mbali na makaburi ya babu zao.

Ardhi na jina

Yote haya yangekuwa hadithi za jioni lau si suala la ardhi. Takriban asilimia 62 ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka wa 1948. Mashamba makubwa ya mkonge yamechukua sehemu nyingine. Kinachobaki hugombaniwa, na katika ugomvi huo swali la kwanza huwa: wewe ni mtoto wa nani, na babu yako alilima wapi?

Mahakamani vilevile, familia inayoomba usimamizi wa mali ya marehemu asiyeacha wosia hutakiwa kuleta barua ya chifu inayowataja warithi. Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi, na malalamiko ya namna hiyo husimama au kuanguka kwa ushahidi wa nani aliishi wapi na lini. Nasaba iliyotungwa kama ya Bibi Bwana huvunjika mbele ya hakimu. Nasaba ya kweli isiyoandikwa nayo hufa pamoja na mzee aliyeijua.

Namna ya kuanza

Anayetaka kuandika nasaba yake na aanze nyumbani, kwa mzee mkongwe kuliko wote, na asiwasahau bibi na shangazi. Wanawake mara nyingi ndio wanaokumbuka nani aliolewa wapi na mtoto yupi alifariki mchanga. Kila jina liandikwe pamoja na mahali na tukio.

Tukio ndilo kalenda ya asiyekuwa na cheti. Je, babu alizaliwa kabla au baada ya njaa ya Mwakisenge, ya miaka ya 1880? Alikuwa mkubwa kiasi gani Wajerumani walipoiteka Taveta Agosti 1914? Alikuwa ameoa reli ya kutoka Voi ilipokuwa ikijengwa wakati wa vita hivyo? Majibu matatu ya namna hii huubana mwaka wa kuzaliwa hadi miaka michache.

Baada ya hapo, masimulizi yalinganishwe na maandishi: vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia, na ripoti za wilaya zilizo katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Nairobi. Pale ambapo jina la babu hurudi kwa mjukuu, mtafiti ajihadhari asiwachanganye watu wawili kuwa mmoja. Kisha apige ile hesabu ya vizazi. Miaka ikizidi, kuna mtu amerukwa. Ikipungua, kuna mtu ameongezwa.

Mwisho, aandike pia asichokuwa na uhakika nacho, na aseme aliambiwa na nani. Nafasi iliyoachwa wazi mjukuu ataweza kuijaza siku moja akipata ushahidi. Iliyojazwa kwa jina la kubuni humpoteza, naye hukaa akimtafuta Newton mahali ambapo hayupo.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Bibi Bwana aliacha madaftari tele, na ndiyo maana tumeweza kumsahihisha zaidi ya miaka mia moja baadaye. Wazee wa Sagalla, Kasigau na Taveta walio hai leo wanayo majina ambayo hayamo katika kitabu chochote. Daftari la shilingi chache na alasiri moja ya mazungumzo vyatosha kuyaokoa.